Vipimo vya Ridhaa

Muthangari,
Jumanne, 2 Septemba 2025

Kwa Fundi Nasimiyu, Kabiria,

Salamu na heshima nyingi. Wewe hunijui, nami nakujua kwa kitanda tu. Caren, anayemsaidia binti yangu kazi za nyumba hapa Muthangari, ameniambia kwamba kitanda chake ulikitengeneza wewe miaka sita iliyopita, kimehama naye nyumba nne, na hadi leo hakijatoa mlio hata watoto wakikirukia. Nikasema moyoni, mtu huyo ndiye ninayemtafuta.

Naitwa Shamsudin Mgeni, mzaliwa wa Lamu, lakini Nairobi nimeikalia miaka hamsini. Arobaini na mmoja kati ya hiyo nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la vipuri, Barabara ya Kirinyaga. Mwaka huu nilipatwa na maradhi kidogo, binti yangu Mahira akanichukua kwake nipumzike. Simu yangu akaishika yeye, maana mafundi wa mjini walikuwa wakinipigia tangu alfajiri kuuliza beringi ya gari hili kama inaingia gari lile. Kwa hiyo nakuandikia kwa kalamu, kama tulivyokuwa tukiagiza mali zamani, na Caren ndiye posta wetu.

Haja yangu ni hii. Tarehe 22 Novemba kuna mbio za vigari katika uwanja wa shule moja upande wa Dagoretti. Ni vigari vidogo vya mtu mmoja, vilivyoundwa kwa mkono vifanane na magari ya mashindano ya miaka tisini iliyopita, yale yenye pua ndefu na magurudumu membamba yaliyokaa nje ya bodi. Injini ni ya pampu ya maji, magurudumu ni ya pikipiki. Hivyo ninavyo. Ninachokosa ni mifupa yake, yaani chasisi, nami nataka iwe ya mbao. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Dereva atakuwa Ridhaa, kijana wa nyumbani kwetu, mwenye miaka ishirini na miwili.

Tafadhali jambo hili libaki baina yako na mimi. Nataka kumshangaza Mahira.

Wako,
Shamsudin Mgeni


Kabiria,
Alhamisi, 4 Septemba

Mzee Shamsudin,

Habari yako. Barua imefika. Caren aliificha ndani ya mfuko wa sukuma wiki kwa hivyo ina maji kidogo, lakini inasomeka. Mimi si mtu wa barua. Ya mwisho niliandika nikiwa shule, kwa mwalimu mkuu, ya kuomba msamaha.

Wacha niseme ukweli. Sijawahi kutengeneza gari. Natengeneza vitanda, kabati na meza za hoteli. Nilitoka Kimilili miaka kumi na minne iliyopita, nikawa nafagia vumbi la mbao kwa karakana ya mtu huko Kawangware, mpaka siku moja alikosa mfanyakazi akanipatia msumeno. Sasa niko na kibanda yangu hapa Kabiria, katikati ya Kiragu anayechomelea vyuma na mama anayeuza maji kwa mitungi. Kila kitu nimewahi kutengeneza, ukishakiweka mahali kinakaa hapo. Hakuna mtu amewahi kuniagizia kitu ya kwenda.

Mchoro wako nimeutundika kwa msumari juu ya meza ya kazi. Wateja wanauliza ni kitanda cha aina gani. Nimekubali kazi.

Lakini huyo Ridhaa aje nimpime. Kiti kisipomtosha, hata fremu iwe nzuri namna gani, ataendesha vibaya.

Nasimiyu


Muthangari,
Jumamosi, 6 Septemba

Fundi Nasimiyu,

Umenifurahisha kuliko dawa zote nilizoandikiwa mwaka huu.

Ridhaa yuko masomoni Mombasa, harudi mpaka Novemba. Lakini nimempima mwenyewe kwa uangalifu. Akiketi chini miguu mbele, kutoka mgongoni hadi unyayoni ni inchi arobaini na moja. Upana wa nyonga ni inchi kumi na tano na nusu. Uzito wake kilo sitini na moja.

Utaniuliza kwa nini mbao, na Kiragu wa vyuma yuko ukuta wa pili. Kigari hiki hakina springi. Kikipita juu ya kifundo cha nyasi, gurudumu moja hutaka kuinuka, na gurudumu lililo hewani halifanyi kazi yoyote. Mbao nzuri hujipinda kidogo, ikaliacha gurudumu lishuke, kisha ikarudi. Ninataka mihimili miwili mirefu, futi saba na nusu, iliyonyooka nyuzi zake, na vipande vinne vya kukatiza. Bolti, si misumari. Msumari hulegea ukitikiswa.

Kasyoki, aliyenifanyia kazi dukani miaka kumi na minane na sasa duka ni lake, atakuletea injini, magurudumu na ekseli. Ni mtu wa maneno machache, usimdhanie amekasirika.

Shamsudin Mgeni


Kabiria,
Jumanne, 16 Septemba

Mzee,

Kasyoki alikuja na pikapu. Alisema "hapa?" nikasema "hapo," akashusha, akasema "haya," akaenda. Maneno yote ndiyo hayo.

Nimenunua saipresi mbili nzuri, nimezipiga randa mpaka zikang'aa. Leo nimezilaza juu ya stuli nne na kuweka magurudumu kando yake ili nione umbo. Mzee, watu walisimama. Mama wa maji aliacha mtungi ukafurika. Nikapanga makreti mahali pa kiti, nikaketi, miguu mbele, nikashika mfuniko wa sufuria kama usukani. Nina miaka thelathini na tisa na nilifanya mlio wa injini kwa mdomo.

Swali. Usukani Ridhaa anautaka karibu au mbali na kifua?

Nasimiyu


Muthangari,
Alhamisi, 18 Septemba

Fundi,

Usukani uwe karibu, inchi kumi na mbili kutoka kifuani, maana mikono yake haina tena nguvu za zamani. Na pembeni kushoto ukate ubao wa bodi uwe chini sana, karibu usawa wa kiti, ili aweze kuingia bila kuinua mguu ule.

Ule mlio wa injini hata mimi nimeufanya, hapa chumbani. Mahira aliingia akadhani nimepaliwa.

Shamsudin


Kabiria,
Alhamisi, 25 Septemba

Mzee,

Kijana wa miaka ishirini na miwili ana nguvu gani za zamani? Na huo mguu wa kushoto una nini?

Kazi inaendelea vizuri. Nimebadilisha mpango wa mbao kidogo tu, usiwe na wasiwasi. Kiragu anakusalimu. Siku hizi anachechemea, lakini hiyo ni mambo yake.

Nasimiyu


Muthangari,
Jumamosi, 27 Septemba

Fundi,

Ridhaa alikuwa akinyanyua vyuma, akaacha. Mguu aliumizwa katika kandanda. Wewe ni fundi seremala au ni mpelelezi?

Sikukuuliza kuhusu mbao kwa sababu nakuamini. Lakini Kiragu mpe pole.

Dirisha langu linatazama nyumba ya zamani ya mawe inayobomolewa ili wajenge ghorofa. Asubuhi wameshusha paa lote. Nimekaa na chai yangu nikiwahesabia mapao, yametoka makavu na yamenyooka kama rula. Nimeona nikutajie tu.

Shamsudin


Kabiria,
Jumanne, 14 Oktoba

Mzee Shamsudin,

Nimekaa siku mbili nikifikiria vile nitaandika hii barua. Nitaanza na kosa langu, ndio nikikuambia lako uone sikuvizii.

Saipresi moja ilivunjika. Kabla ya kupiga bolti nilitaka kujua zitabeba mtu, kwa hivyo nilimkalisha Kiragu katikati na chai yake, na mimi nikaketi nyuma yake. Moja ilikuwa na jicho la tawi ndani ambalo sikuliona. Ilikatika, Kiragu akaanguka na chai. Ndio maana alichechemea. Nikakuandikia kwamba nimebadilisha mpango kidogo. Niliogopa utanichukulia kazi umpe mwanaume mwenye karakana kubwa. Barua yako ya paa ilipofika, nilienda hapo Muthangari na mkokoteni siku hiyohiyo nikanunua mapao manne. Nimeyapasua membamba, nimeyabandika matatu matatu kwa gundi, nikayabana na klampu siku tatu. Nimemkalisha Kiragu tena, safari hii bila chai, pamoja na mama wa maji na mtungi wake. Inajipinda kama ulivyosema, halafu inarudi. Hiyo ndiyo fremu uliyo nayo sasa. Nisamehe kwa kukuficha.

Sasa lako. Juzi mama mmoja alikuja hapa kibandani, amevaa nadhifu, buibui na viatu vya ofisi. Akasema, "Caren amenielekeza kwako. Nataka kiti cha juu kwa baba yangu, kiwe na mikono imara. Hawezi kuketi chini sana." Akatoa karatasi akanisomea. "Upana wa nyonga, inchi kumi na tano na nusu. Uzito, kilo sitini na moja."

Nikaacha kuandika. Nikamuuliza, "Na mguu upi una shida?"

"Wa kushoto. Alivunjika nyonga Januari, akapasuliwa. Umejuaje?"

Nikasema nimekisia tu. Halafu, kwa sababu sikuamini masikio yangu, nikamuuliza, "Na Ridhaa anaendelea aje huko Mombasa?"

Mzee, aliniangalia kama mtu mgonjwa. Akasema, "Ridhaa ni paka wetu. Unamjuaje?"

Nikamwambia Caren humzungumzia sana. Huo ni uongo wangu wa pili, na zote ni kwa sababu ya hiki kigari.

Paka gani ana kilo sitini na moja. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka. Binti yako aliniambia vile ulilala hospitali wiki tatu na yeye kwa kiti kando yako, na vile akisikia kitu kimeanguka nyumbani anakimbia kabla hajajua ni nini. Kiti chake nitakitengeneza. Lakini kigari chako nimekifunika na turubai na sitagusa bolti nyingine mpaka umwambie. Siwezi kumpima mtu kwa mlango wa mbele na kumdanganya kwa mlango wa nyuma.

Nasimiyu


Muthangari,
Alhamisi, 16 Oktoba

Mwanangu Nasimiyu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ya kwanza niliona haya, ya pili nikacheka peke yangu, ya tatu nikamwangalia paka aliyelala miguuni pangu na nikaona haya tena.

Mbao kuvunjika si kosa. Dukani kwangu nilirudishiwa mali mbovu kila wiki. Kuificha ndiko kosa, na mimi katika hilo nimekushinda kwa mbali, kwa hiyo tusameheane.

Nikueleze basi. Miaka arobaini na mmoja niliwauzia watu wa mashindano ya magari vipuri. Kila Pasaka walikuwa wakija dukani wamejaa vumbi, wanataka plagi, wanataka beringi, na mimi najua kila kipande cha gari lao kuliko wao. Kisha wanaondoka, na mimi nabaki na risiti. Nilikuwa na mke, nilikuwa na duka, nilikuwa na Mahira anayetakiwa kwenda shule. Sikulalamika, maisha yalikuwa mazuri. Lakini sijawahi hata mara moja kukaa ndani ya kitu kilichopangwa mstarini ili kishindane. Januari, nilipokuwa nimelala sakafuni bafuni nikingoja mtu asikie, hilo ndilo nililolifikiria. Nilitarajia nifikirie mambo makubwa zaidi.

Nina miaka sabini na mitatu. Nilimficha Mahira kwa sababu najua atasema hapana, na akisema hapana nitamtii, maana amenibeba mgongoni mwaka mzima. Nilitaka nimkutanishe na kigari kikiwa tayari. Naona sasa kwamba huko ni kumtega.

Nitamwambia kesho baada ya sala ya Ijumaa, tukishakula. Akikataa, kifremu hicho kifanye benchi.

Shamsudin


Westlands,
Jumanne, 21 Oktoba

Kwa Bi Nasimiyu,

Nakuandikia kutoka ofisini wakati wa chakula cha mchana. Ningeweza kukupigia simu, lakini Baba amenionyesha barua zako zote, na nimeona heri niwajibu kwa njia yenu.

Nilikasirika. Nataka ulijue hilo. Sikula, nikaosha vyombo ambavyo Caren alikuwa ameshaviosha. Ninafanya kazi ya madai ya bima. Kila siku nasoma taarifa za watu walioumia wakifanya mambo ambayo hawakulazimika kuyafanya, kisha naambiwa baba yangu ameagiza jambo kama hilo kwa jina la paka.

Alipomaliza kunieleza hakuniomba chochote. Alisema tu, "Basi, nimekwambia," akanyanyuka na fimbo yake kwenda chumbani. Ni miezi kumi nampa dawa, nampeleka mazoezi, namuuliza amelala vipi. Sikuwahi kumuuliza anataka nini.

Jumamosi nimempeleka kwa daktari wake. Daktari anasema mfupa umeshika. Asianguke, asiruke, asikunje paja kupita kiasi, lakini kuketi miguu mbele anaweza. Nilimweleza mambo yote, kigari, injini, mbio. Daktari akavua miwani akamuuliza Baba kinakwenda kasi gani. Hakuniuliza mimi.

Kwa hiyo naja kukiona. Nina masharti manne. Kiwe na mkanda wa kiti. Kando zote mbili ziwekewe godoro. Pedali ya mafuta iwekewe kipande cha mbao chini yake, ili kigari kisipite mwendo wa mtu anayekimbia. Na nitakiendesha mimi kwanza.

Asante kwa kukataa kuendelea. Kiti bado nakitaka.

Mahira Shamsudin


Kabiria,
Jumatano, 22 Oktoba

Dada Mahira,

Asante kwa barua. Hata mimi ningekasirika, na pengine ningevunja hivyo vyombo.

Masharti yako yote nimeyakubali. Kile kipande cha pedali nimekitengeneza tayari, nimekifunga kwa skrubu mbili. Kasyoki atakuja kufunga injini wiki ya kwanza ya Novemba. Uwanja wa kanisa hapa nyuma ni mpana na padri amekubali, mradi tusiende siku ya kwaya.

Njoo na viatu vya chini.

Nasimiyu


Kabiria,
Jumatatu, 17 Novemba

Mzee wangu Shamsudin,

Nakuandikia haraka kwa sababu kesho asubuhi nasafiri Kimilili. Dada yangu mdogo Jacklyne anatolewa mahari Jumamosi, siku ileile ya mbio zako. Nilijaribu kuomba wasogeze. Mama alikataa kabla sijamaliza kuuliza. Kwa hivyo sitakuwa hapo. Inaniuma sana, lakini ndio hivyo.

Jumamosi ile ya majaribio sitaisahau. Nilikuona wewe umekaa kwa kile kiti cha juu, tumekubebea mpaka uwanjani, umeshika fimbo kwa mikono miwili, na Mahira anazunguka mara ya kwanza kama mtu amebeba mayai. Mara ya pili alinyoosha mgongo. Mara ya tano Kasyoki akasema, "Hasimami huyu," na hiyo ndiyo sentensi ndefu nimewahi kusikia kwake. Na vile Mahira aliingia kwa ua wa kanisa, akatoka na majani kwa kichwa, akasema breki iko sawa, shida ilikuwa ni yeye. Halafu akakushika mkono ukaingia wewe. Sikuangalia uso wako. Niliangalia mihimili yangu. Ilijipinda vizuri.

Sasa sikiliza. Mbao hukauka, bolti zikalegea. Ijumaa jioni Kasyoki azipitie zote ishirini na nane. Azikaze robo ya mzunguko, asizidishe, ataponda mbao. Mvua ikinyesha, afute fremu na kitambaa kikavu kabla ya kuanza. Na wewe usiegemee kushoto ukikata kona. Nilikuona.

Nikirudi utaniambia kila kitu, usiruke.

Nasimiyu wako


Muthangari,
Jumapili, 23 Novemba 2025

Mwanangu Nasimiyu,

Simu nimerudishiwa tangu jana, imejaa ujumbe wa beringi. Lakini jambo hili si la simu, kwa hiyo naiandika leo na kesho Kasyoki ataipeleka ofisi ya basi ikufikie huko Kimilili. Umesema nisiruke kitu, basi sitaruka.

Ijumaa ilinyesha usiku kucha. Tulipofika, uwanja wa shule ulikuwa nyasi upande mmoja na tope upande wa pili. Vigari kumi na vitatu. Cha wakili mmoja wa Westlands kilikuwa chekundu na kimepigwa rangi mpaka unajiona. Changu kilikuwa mbao tupu na mafuta ya kitani. Nilikuwa mkubwa kuliko madereva wote, na aliyenifuata kwa umri nilimzidi miaka kumi na tisa. Niliuliza.

Kasyoki alikuwa amekaza bolti robo jana yake jioni, sasa akafuta fremu, kisha akaifuta tena. Mahira alinifunga mkanda. Nikadhani amemaliza. Akapiga magoti kwenye tope na nguo yake nzuri, akaingiza mkono chini ya pedali, nikasikia kitu kinazungushwa. Alikuwa na bisibisi ndani ya mkoba. Alikitoa kile kipande chako cha mbao akakitia mfukoni.

Nikamwambia, "Mahira, hilo lilikuwa sharti lako."

Akasema, "Nimeona kila mtu hapa anakwenda kasi kuliko mtu anayekimbia. Utakuwa wa mwisho na utanung'unika mpaka Ramadhani." Kisha akanishika bega, akakaa hivyo kidogo. "Kushoto usiegemee, Baba."

Mizunguko ilikuwa mitatu. Wa kwanza nilikuwa wa kumi na tatu, sikufichi. Niliogopa. Wote walikuwa mbele yangu, na mgongo wa mtu wa kumi na mbili ulizidi kuwa mdogo.

Mzunguko wa pili tulifika kwenye kona ya tope, ile ya chini karibu na goli. Wenzangu wenye fremu za chuma chini ya ubao walikuwa wakirukaruka juu ya matuta, na kila wakiruka wanateleza. Mimi nilikisikia kigari chini ya mapaja yangu. Kilijipinda. Gurudumu la mbele kulia lilishuka likashika, la nyuma likashika, nikapita kati ya wawili walioteleza mpaka vigari vyao vikatazamana. Nasimiyu, sikufanya kitu. Nilishika usukani tu, na mbao zako zikafanya.

Mzunguko wa tatu nikawapita wengine wawili. Mmoja alikuwa wakili. Alikuwa amesimama kwenye nyasi akitafuta mnyororo wake, kwa hiyo pengine huyo si wa kuhesabiwa, lakini mimi nimemhesabu. Nilivuka mstari nikiwa wa tisa.

Nilipozima injini sikuweza kutoka. Mahira alikuja mbio, hana viatu, ameviacha kwenye tope mahali fulani. Akawa anauliza, "Ni nyonga? Ni nyonga?" Nami siwezi kujibu kwa kucheka, na machozi yananitoka, na yeye anazidi kuogopa. Mwishowe nikamwambia, "Siumwi popote. Niache nikae humu kidogo." Akanitazama usoni. Kisha akaketi chini pale pale kwenye nyasi majimaji, akaegemea gurudumu, tukakaa hivyo mpaka wakaja kutuambia tusogee, tumeziba njia.

Baadaye mkaguzi wa mbio aliomba kigari kiinuliwe ubavu ili aone chini yake. Watu kama kumi wakapiga magoti. Mmoja akapitisha kidole kwenye maungio ya gundi akauliza ni kiwanda gani. Kasyoki akajibu kabla yangu. Akasema, "Nasimiyu. Kabiria, karibu na mama wa maji. Hana kiwanda, ana kibanda. Mapao haya yana miaka sitini, ameyapasua mwenyewe. Sasa kiteremsheni polepole." Nilimtazama. Miaka kumi na minane dukani sikuwahi kumsikia akisema mengi hivyo kwa mkupuo.

Mahira yupo sebuleni anasugua tope kwenye viatu vyake. Ameniambia nikuandikie kwamba mwakani anataka apewe nafasi ya kushindana yeye, na kwamba nimwulize fundi kama kiti kinaweza kusogezwa. Nimemwambia kwanza aombe ruhusa ya baba yake.

Wape salamu nyumbani, na umpe pongezi Jacklyne.

Baba yako wa Muthangari,
Shamsudin Mgeni


Kimilili,
Alhamisi, 27 Novemba 2025

Baba Shamsudin,

Barua ilifika jana na basi. Nilienda kuichukua stendi, nikaisoma nimesimama hapo mpaka mtu wa boda akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimekuwa wa tisa.

Ng'ombe wa Jacklyne walikuja wote na mmoja akakula maua ya meza kuu. Hiyo nitakueleza nikirudi Jumapili. Kiti kinasogezwa, mwambie Mahira, ni kutoboa matundu manne tu.

Jioni nilimsomea Mama barua yako yote. Alikuwa anachambua njugu, mimi nasoma. Miaka yote hii nimekuwa nikimwambia natengeneza vitanda, na yeye anajibu "vizuri", basi. Nilipofika kwa wale watu kumi waliopiga magoti aliacha kuchambua. Akaniuliza, "Hicho kigari kinabeba nini?"

Nikamwambia kinabeba mzee mmoja.

"Kinampeleka wapi?"

Nikamwambia hakimpeleki mahali. Kinamzungusha mara tatu halafu kinamrudisha pale alitoka.

Alichambua njugu moja zaidi. Akasema, "Basi nikija Nairobi Krismasi na mimi nizungushwe."

Nimemweleza kwamba kina kiti kimoja. Akasema, "Si wewe ndiye fundi? Ongeza."

Nasimiyu